Mnazi hauponi, toa huo msumari

Mtu anayepigilia bango la mganga au la nyumba ya kukodisha kwenye mnazi wa barabarani hujiambia kuwa mti ni mti, kidonda kitajifunga. Kwa mwembe, sawa. Kwa mnazi, wapi! Na sababu yake ulichorewa ubaoni kwenye somo la Biolojia.

Unakumbuka ule mchoro wa duara lenye vidoti vilivyotapakaa ndani? Shina la monokoti. Wengi wetu tulikariri, tukapata maksi, tukasahau. Kila kidoti ni fungu la mirija: zailemu ya kupandisha maji kutoka mizizini na floemu ya kusafirisha chakula kutoka majanini. Mwembe umepanga mirija yake kwa duara, na kati ya zailemu na floemu kuna kambiamu, utando wa seli zinazogawanyika kila mara. Huo ndio hunenepesha shina na kufunika jeraha. Mnazi hauna kambiamu.

Huhitaji hadubini kuona hii kitu. Nunua muwa kwa mkokoteni, angalia pale kisu kilipopita. Vidoti ndivyo hivyo. Zile nyuzi zinazokukwama menoni ni mafungu yenyewe ya mirija, na yamesongamana zaidi karibu na ganda, ndiyo maana kumenya muwa ni shughuli. Shina la mahindi ni vivyo hivyo.

Sasa, mnazi hujenga unene wake ukiwa mdogo, kisha unapanda juu. Mirija iliyo pale chini ndiyo itakayotumika maisha yote, na mnazi unaweza kuishi zaidi ya miaka 60. Tundu la msumari la leo litakuwa palepale watoto wako wakipita, likikaribisha maji, kuvu na wadudu.

Kusema kweli, huo mtapakao una faida. Ukimenya gamba la mwembe kuuzunguka wote, umeuua. Mnazi huweza kustahimili jeraha kama hilo kwa sababu mirija iko hadi katikati. Ndiyo maana wagema wa Pwani hukata ngazi kwenye shina na nazi zinaendelea kuja. Lakini tazama mnazi wowote mzee kule Kilifi: ngazi hizo hazijafungika hata moja. Tena mgema anakula kutokana na ule mti. Mwenye bango anaulipa nini?

Kuna watakaosema tuna shida kubwa kuliko misumari. Tunazo. Ila hii haihitaji bajeti wala kamati ya bunge. Kampeni za 2027 ziko njiani, na wanaotumwa usiku na nyundo kubandika sura za wagombeaji ni sisi vijana. Ukipewa hiyo kazi, itisha kamba ufungie bango, na kura zikishahesabiwa urudi uifungue.