Jua Lisisingiziwe: Vyura na Maji ya Rufiji

Chura hana magamba wala manyoya. Ngozi yake ni nyembamba, nayo humsaidia kupumua. Mayai yake hufunikwa kwa ute tu. Ndiyo maana mabadiliko ya maji, hewa au mwanga humdhuru mapema.

Mwaka 1994 wataalamu wa jimbo la Oregon, Marekani, wakiongozwa na Andrew Blaustein, walieleza jinsi walivyoyakinga mayai ya amfibia yasipigwe na mionzi ya urujuanimno itokayo kwenye jua. Katika spishi mbili kati ya tatu, mayai yaliyokingwa yaliangua kwa wingi zaidi. Spishi ya tatu haikudhurika, kwani mayai yake yana kwa wingi kimeng'enya kinachorekebisha chembe za urithi zilizoharibiwa na mionzi.

Jaribio hilo lastahili heshima. Kosa ni kulifanya jibu la kila mahali. Katika nchi za ikweta tabaka la ozoni limepungua kidogo mno kuliko kwenye ncha za dunia. Tena maji ya delta ya Rufiji, penye mikoko na mashamba ya mpunga ya Kibiti, yamejaa tope na rangi ya majani yaliyooza, mambo yanayoizuia mionzi hiyo isipenye chini.

Mfano ulio karibu zaidi ni chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika milima ya Udzungwa. Huyu hatagi mayai, bali huzaa watoto, naye aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo pekee. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Ikabidi maji yanyunyizwe kwa mabomba. Mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kilisalimika kwa kuwa vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani. Uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Maji ya Kihansi huingia Kilombero, kisha Rufiji, hata yakafika delta. Katika Rufiji yenyewe bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Taifa lahitaji umeme, hilo halina ubishi. Lakini bwawa hubadili majira ya mafuriko, na vyura wa mabondeni huzaliana kwa kufuata maji.

Msiba wa Kihansi ulijulikana kwa sababu vyura wale walikuwa wakihesabiwa. Asiyehesabiwa hutoweka pasipo kuliliwa. Basi shule za sekondari za Kibiti na zianze: kila masika, usiku uleule wa juma, kwenye dimbwi lilelile, wanafunzi pamoja na mwalimu wao waandike milio wanayoisikia, kina cha maji na joto lake. Kalamu, daftari na kipimajoto vyatosha. Baada ya miaka kumi, daftari hilo litasema lipi la kulaumiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Si vema kukitafuta mbinguni kabla ya kukung'uta nguo.