Wingu moja haliui, kundi ndilo balaa
Mafuriko ya vuli ya 2023 yalipokumba Mombasa, Kwale na Tana River, kila kinywa kilitaja El Nino. Lakini bahari yenye joto huleta mvuke tu. Kinachotuangukia ni mawingu ya radi. Wingu la peke yake huisha kwa saa moja hivi. Yakiungana, hewa baridi inayoshuka na mvua hutambaa chini, huinua hewa ya joto iliyo mbele, na wingu jipya huzaliwa. Msururu huo hufika kilomita mia na zaidi, ukadumu saa nyingi. Upepo baridi wa ghafla ndio mjumbe wake, na kwa mvuvi aliye nje ya mwamba, mjumbe huyo amechelewa. Kwa maoni yangu, tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa isiishie mitandaoni. Ifike ufuoni kabla mashua hazijang'oa nanga.