Ngazi ya basi nayo ni kizuizi cha biashara

Kila safu ya soko la Konyo Konyo, mjini Juba, ina mama mmoja ambaye zamani alikuwa akienda Kampala mwenyewe na sasa haendi tena. Ana miaka 60 na ushee. Anauza vitenge, au maharage, au vyombo vya plastiki. Mtaji anao na wateja hawajamhama. Ushuru anaumudu, hati ya kusafiria anayo, lakini goti limekataa.

Basi la safari ndefu halina huruma na goti. Kidato cha kwanza kiko juu, vinavyofuata ni vyembamba, na cha kushikilia ni kichuma kimoja kilicholegea kando ya mlango. Akishafanikiwa kupanda Juba, kazi ndiyo kwanza imeanza. Atashuka palipo na ukaguzi njiani. Atashuka Nimule, atembee na mzigo mdogo hadi dirisha la uhamiaji, asimame kwenye foleni, kisha apande tena huku utingo akipiga kelele kwamba basi linaondoka. Lami ya kilomita 192 kati ya Juba na Nimule, iliyozinduliwa mwaka 2012, imefupisha safari kwa kila mtu, ila haijapunguza hata kidato kimoja cha kupanda na kushuka. Hapo choo hakijatajwa. Akina mama wengi wa umri huo hawanywi maji tangu jioni ya kabla ya safari, na kila anayesafiri njia hiyo anajua ni kwa nini.

Basi mama anamtuma mpwa wake. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo mpwa lazima alipwe nauli, chakula, malazi na asante. Akifika Kikuubo, muuzaji wa jumla ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimkopesha mama robo ya mzigo hamjui kijana huyu, hivyo anataka fedha taslimu yote. Mpwa ananunua alichokiona kwanza. Mzigo unarudi ukiwa mdogo kuliko ule mama angeleta, wenye rangi ambazo wanawake wa Juba waliacha kuzivaa msimu uliopita, na faida ya mwezi mzima imekwisha kabla bunda halijafunguliwa.

Ni rahisi kusema kwamba mama huyo apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Wanaosema hivyo kwa kawaida wana pensheni. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani hana mfuko wa kustaafu. Mfuko wake ni uaminifu aliojijengea upande wa pili wa mpaka, na uaminifu huo haurithishwi kwa simu. Tena si wazee peke yao. Nchi iliyopitia vita vya miaka mingi na mabomu ya kutegwa ardhini ina wafanyabiashara wengi waliobaki na mguu mmoja, na wengine waliougua polio utotoni. Hao hawawezi kuambiwa wakapumzike wakiwa na miaka 35.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wanalifahamu neno lililoandikwa katika kila hotuba ya Arusha: vikwazo visivyo vya kiforodha. Ni kila kinachomzuia mtu kuvusha bidhaa yake ingawa ushuru umeondolewa, kama vile vizuizi vya barabarani visivyokwisha, vibali vinavyorudiwa, au mizani inayosoma hivi huku na vile kule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivitungia sheria maalumu ya kuviondoa mwaka 2017. Ngazi ya basi inastahili kuwekwa kwenye orodha hiyo hiyo. Nayo inamzuia mtu mwenye haki ya kuvuka asivuke, inapandisha gharama ya bidhaa yake, na haina uhusiano wowote na ushuru.

Atakayeona hoja hiyo ni ya ajabu atazame baharini, kwenye meli za kitalii, zile hoteli zinazoelea ambazo hutia nanga Mombasa na Zanzibar msimu wa baridi ya Ulaya. Abiria wake wengi ni wastaafu. Wapo wanaotembea na mkongojo na wapo walio kwenye viti vya magurudumu, na meli hizo zina lifti, vyumba vyenye milango mipana, na watumishi wa kuwasukuma wageni hadi gatini. Kampuni za meli zilijifunza zamani kwamba mzee ndiye mwenye fedha na nafasi. Lakini si yote yaliyotokana na ukarimu, mengine yalitoka mahakamani.

Mwaka 1998 na 1999, abiria kadhaa wenye ulemavu pamoja na waliofuatana nao walipanda meli za kampuni ya Norwegian Cruise Line wakitokea Houston, Marekani. Baadaye walishtaki, wakidai kwamba walitozwa zaidi ya wengine, kwamba walitakiwa kusaini kuwa hawataidai kampuni, na kwamba ndani ya meli kulikuwa na vizingiti wasivyoweza kuvivuka, hata kwenye vifaa vya kuokolea watu. Utetezi wa kampuni ulikuwa mwepesi kueleweka: meli zinapeperusha bendera ya Bahamas, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inawahusu nini? Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 6 Juni 2005 mahakama hiyo ikaamua kwamba meli ikiwa katika maji ya Marekani, kwa ujumla sheria hiyo inaifuata hata ikiwa na bendera ya kigeni. Iliacha nafasi: mambo ya ndani ya uendeshaji wa meli yasiingiliwe ovyo, na hakuna anayelazimishwa kubomoa kitu kama kukibomoa kunavunja kanuni za kimataifa za usalama. Ulaya nayo ilitunga kanuni yake mwaka 2010, inayohusu bahari na mito. Abiria anayepandia kwenye bandari ya Ulaya akitoa taarifa saa 48 kabla ya safari, ana haki ya kusaidiwa kupanda na kushuka bila kulipa senti.

Sasa rudi Juba. Basi limesajiliwa Kampala. Tiketi imekatwa Juba. Abiria ni raia wa Sudan Kusini, mwenzake wa siti ya pili ni Mkenya, na utingo anayemwambia mwenye magongo kwamba siti yake imeshauzwa ni Mganda. Ni sheria ya nani inayotumika mlangoni mwa basi hilo? Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, Tanzania ina ya 2010, na Kenya ilianza na ya 2003 kisha ikatunga mpya mwaka 2025. Zote zinaishia mpakani. Jumuiya yenyewe iliandika sera ya watu wenye ulemavu mwaka 2012, lakini sera si kitu ambacho abiria anaweza kumwonyesha utingo saa kumi na moja alfajiri.

Na asiseme mtu kwamba Jumuiya haiwezi kutunga kanuni inayosafiri na gari. Imeshafanya hivyo kwa ajili ya lami. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari inahesabu ekseli za lori moja moja na kuweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lori linalotoka Mombasa linajua kinacholingoja kwenye mizani. Barabara imepata mtetezi Arusha kabla ya magoti ya wanaoipita.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la kweli na halipaswi kupuuzwa, kwa sababu lilishatokea. Mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa miaka mingi wanaume wenye ulemavu walivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Maofisa wa forodha waliwaonea huruma na hawakuwapekua sana. Baiskeli ikawa na thamani kuliko lori dogo, na matajiri wakajua wampe nani mzigo. Kinshasa na Brazzaville, zinazotazamana kuvuka mto Congo, zilikuwa na habari kubwa zaidi. Huko abiria wenye ulemavu walipunguziwa nauli ya kivuko, na kutokana na punguzo hilo kikakua kizazi kizima cha wafanyabiashara wa kwenye viti vya magurudumu, wenye vyama vyao, wasukumaji wao na wateja wao. Wengi walisomesha watoto kwa kazi hiyo. Wengi pia waligeuzwa mikokoteni ya bidhaa za watu wengine.

Ndiyo maana maofisa wa forodha hukunja uso wakisikia habari ya kuwasaidia wasafiri wenye ulemavu. Wanadhani wanaombwa msamaha wa ushuru. Hata hivyo, kosa la Busia na Kinshasa liko mahali pengine kabisa. Watu wale walipewa huruma mahali walipohitaji njia. Huruma ina bei, kwa hiyo inauzwa na kununuliwa. Ushuru wa Busia ulipoanza kupungua baada ya Umoja wa Forodha kuanza mwaka 2005, faida ya huruma ile nayo ikapungua, na ngazi zikabaki palepale. Hakuna tajiri atakayekodi ngazi ya kupandia basi ili akwepe ushuru. Mama wa Konyo Konyo alipe anachotakiwa kulipa, chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara kama mzigo wake hauzidi dola 2,000. Anachodai ni kufika kwenye dirisha la kulipia.

Mto nao una deni lake. Miaka ya 1930 meli za mvuke kutoka Khartoum ziliishia Juba. Abiria wa daraja la kwanza walishuka, wakapakiwa kwenye magari hadi Nimule ili kuyakwepa maporomoko ya Fola, kisha wakapanda meli nyingine kuelekea Ziwa Albert. Walikuwa na vyumba, viti vya kulalia na watumishi. Leo mfanyabiashara anayekwenda Bor au Malakal anakaa juu ya magunia kwenye tishari, na ili afike hapo anapita juu ya ubao uliowekwa kati ya ukingo na chombo, ubao ule ule wanaoupita makuli na magunia mgongoni. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, maelfu waliokimbia wamesafirishwa kwa boti kutoka Renk hadi Malakal, wakiwemo wazee na wagonjwa wa kubebwa. Wengi walibebwa kweli, mikononi mwa vijana wasiowafahamu, na hiyo ni sifa kubwa kwa vijana hao, lakini bandari haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea mabega ya wapita njia.

Likoni, Mombasa, jambo hili halina mjadala kwa sababu moja ya kuchekesha. Kivuko kile kina ulimi mpana unaolazwa ukingoni kwa ajili ya magari, na kiti cha magurudumu kinapita palepale linapopita lori. Msongamano ni mateso, ndiyo, ila ngazi hakuna. Kinachohitajika Juba ni kidogo kuliko hapo. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Konyo Konyo anaweza kutengeneza ngazi ya vidato vitatu yenye vishikizo pande mbili, ikakaa kwenye buti la basi na kushushwa kila kituo. Siti mbili za mbele ziwekwe kando hadi nusu saa kabla ya safari. Kituo cha pamoja cha mpakani Nimule na Elegu kilijengwa ili kupunguza hatua za msafiri, na majengo yake ni ya kisasa. Tatizo limebaki kati ya mlango wa basi na mlango wa jengo. Ofisa mmoja akipanda ndani ya basi na kukagua hati za abiria wawili wasioweza kushuka, kazi hiyo ni ya dakika chache.

Wenye mabasi watasema watachelewa. Basi lile lile hungoja saa nzima Juba likitafuta abiria watano wa kujaza siti za nyuma. Watasema pia kwamba hawataki lawama mzee akianguka. Lawama ziko tayari, kwa kuwa wazee wanaanguka sasa hivi, kwenye vidato vilivyopo. Pale penye hoja ya kweli ya usalama, kwa mfano wapi pa kufunga kiti cha magurudumu ndani ya basi linalokwenda kasi usiku, kanuni iwape nafasi kama mahakama ile ya Marekani ilivyowapa wenye meli. Lakini nafasi hiyo isitumike kukwepa ngazi ya vidato vitatu.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina sauti katika vikao vya kujadili vikwazo visivyo vya kiforodha, na mara nyingi huzungumzia vizuizi vya polisi. Viendelee, vizuizi bado vipo. Kikao kijacho waongeze mstari mmoja kuhusu mlango wa basi, wautaje kwa jina hilo hilo la kikwazo, na wamdai waziri tarehe.

Kwa sasa mpwa yuko njiani kurudi kutoka Kampala. Mama ameshapokea picha za vitenge kwenye simu ya jirani, ameziangalia mara mbili, na ameanza kuhesabu atapunguza bei kiasi gani ili viishe.