Gemu la Bure, Shabiki wa Bure

Haya, mashabiki wa soka la kwenye skrini, leo ni zamu yetu. Najua wapo wakubwa watakaosema huyu kijana amekosa nini cha kuandika hadi aandike magemu. Wanisamehe. Jambo hili lina pesa ndani yake, lina jasho la watu, na lina swali ambalo sioni kama tumelijibu: kitu kikipendwa kwa miaka ishirini, ni cha nani? Cha aliyekitengeneza au cha waliokipenda?

Nazungumzia Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami ya Japani, yaani PES, au Winning Eleven kwa wale wa zamani. Jina la PES lilianza kutumika mwaka 2001 na toleo jipya likawa linatoka kila mwaka. Waliokulia Dar au Nairobi hawahitaji kuelezwa. Kwenye kibanda cha gemu anayefungwa anaachia pedi, na kilichokuwa kwenye runinga ni PES au mpinzani wake FIFA.

Sasa angalia jambo hili. Haki za Ligi Kuu ya England zilikuwa mikononi mwa EA, wenye FIFA. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ndani ya PES Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC, na jezi zao zilikuwa za kubuni. Nani alirekebisha? Mashabiki. Walikaa usiku kucha wakichora jezi, wakiandika majina sahihi, wakipanga vikosi upya kila dirisha la usajili likifungwa, kisha wakayagawa mafaili hayo kwa wenzao. Konami haikuwalipa mishahara. Mpaka leo wapo wanaocheza PES 6 ya mwaka 2006 au PES 2013 ikiwa na wachezaji wa sasa, kwa sababu ya kazi hiyo hiyo.

Julai 2021 Konami ikatangaza kwamba jina la PES linazikwa. Kitakachokuja kitaitwa eFootball, na kitakuwa cha bure. Septemba 30 mwaka huo kikatoka. Wandugu, ilikuwa aibu. Klabu za kuchezea nje ya mtandao zilikuwa tisa tu. Master League, ile sehemu ambayo mtu alijenga timu yake msimu baada ya msimu, haikuwemo. Sura za nyota wakubwa zilitisha, na picha zake zikazunguka dunia nzima watu wakicheka. Kwenye Steam likawa miongoni mwa magemu yaliyopewa alama mbaya kuliko yote. Konami wakaomba radhi ndani ya siku mbili, wakikiri kupokea malalamiko kuhusu sura, mwendo wa wachezaji na hata tabia ya mpira wenyewe. Toleo kamili, 1.0, lilisubiriwa hadi Aprili 2022.

Tuwatendee haki watengenezaji. Walikuwa wanahamia kwenye injini mpya, na hiyo si kazi ya wiki mbili. FIFA ilishawaacha mbali kwa mauzo, na kukaa walipokuwa kungewamaliza polepole. Tena shabiki naye ana matatizo yake: ukibadilisha analia, usipobadilisha analia kwamba kila mwaka unamuuzia kitu kile kile. Na yule anayemtukana au kumtishia kijana aliyeajiriwa kuchora nywele za wachezaji, mimi simo kwenye kundi lake. Aliyeamua tarehe ya kutoa gemu si huyo mchoraji.

Malalamiko yana namna yake. Mwaka 2012 mashabiki wa Mass Effect 3 waliochukizwa na mwisho wa hadithi walichanga zaidi ya dola 70,000 kwa ajili ya Child's Play, shirika linalosaidia watoto wagonjwa, ili ujumbe wao usikike. Juni mwaka huo BioWare wakatoa nyongeza ya bure iliyofafanua mwisho ule. Hawakubadilisha hadithi yao, lakini walisikiliza.

Kinachoniuma mimi kwenye hili la PES ni neno "bure". Toleo la zamani lilikuwa na bei, na bei ile ilikuwa kura yetu. Gemu likiwa baya unaacha kununua, unabaki na la mwaka jana, na kampuni inaona kwenye hesabu zake. Gemu la bure limeiondoa kura hiyo mkononi mwako. Wewe unayecheza bila kulipa unaongeza tu idadi ya wachezaji. Anayesikilizwa ni yule anayenunua sarafu za ndani ya gemu ili apate nyota wapya. Ndiyo maana linasukwa kumfuata yeye, wala si wewe unayetaka kukaa na rafiki yako kwenye kochi mkapigana mabao.

Utaniambia eFootball imefanikiwa, kwamba kwa hesabu za Konami wenyewe imepakuliwa zaidi ya mara milioni 500. Sibishi. Wengi wanaicheza kwenye simu, na wanaipenda. Lakini kupata wateja wapya hakufuti deni kwa wa zamani. Waliochora jezi za London FC kwa mikono yao ndio walioliweka jina hilo hai wakati halikuwa na leseni ya maana, halafu wakaambiwa jina lenyewe halipo tena. Asante ya punda ni mateke.

Kisheria gemu ni la Konami, hilo halina mjadala. Ninachodai ni kidogo sana: kampuni inayoua jina la zamani iseme mapema nini kinaondoka, iache matoleo ya zamani yachezeke, na isitoe kitu kibichi ikitegemea mapenzi yetu yatakivumilia. Na sisi mashabiki tujifunze kwamba kwenye gemu la bure kura iliyobaki ni moja tu, muda wetu. Tusiutoe hovyo. Au mwenzangu unaonaje?