Taja Sifa Kabla ya Kutoa Arubuni



Juma lililopita niliombwa nisuluhishe baina ya shangazi na mtoto wa kakake, waliokuwa hawasemezani. Shangazi hushona mabuibui na kuyauza. Alimwambia kijana, "Mwanangu, nitengenezee kitu cha kwenye simu, watu wayaone mabuibui yangu." Akampa arubuni. Kijana akajibu, "Inshaallah, shangazi," akaenda zake.

Baada ya miezi miwili akaleta programu ya kupakuliwa. Wateja wakalalamika kwamba simu zao zimejaa. Wenye iPhone hawakuipata kabisa, kwani aliitengenezea simu za Android pekee. Shangazi akasema amelaghaiwa. Kijana akasema amedhulumiwa jasho lake.

Nikawasikiliza wote wawili, nisimwone mwongo. Neno lilikuwa moja, nyoyoni mna vitu viwili.

Tovuti ya simu ni ukurasa unaofunguliwa kwa kiungo. Mteja hutumiwa kiungo hicho kwa WhatsApp, akabonyeza, akaona bidhaa, hapakui chochote. Bei ikibadilishwa leo, huonekana leo. Programu hupakuliwa na kukaa ndani ya simu. Yaweza kutengenezwa ifanye kazi bila intaneti, na kumkumbusha mtu nyakati za swala. Lakini hula nafasi, na kuiweka sokoni kuna ada: Google hutoza dola 25 mara moja, na Apple dola 99 kila mwaka.

Kwa hiyo, mwenye kuagiza na aulizwe, naye ajiulize: Wateja wangu ni wapita njia au ni wa kila siku? Wana simu za aina gani? Wataitumia pasipo intaneti? Nani atabadilisha picha na bei? Ada ataibeba nani? Shangazi angeulizwa hayo, jibu lingekuwa tovuti.

Mtume (s.a.w.) alipowakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla hayajapatikana, aliwaamrisha kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Ikiwa tende zilitakiwa sharti hizo, seuze kazi isiyoshikika mkononi? Nao mafakihi, katika kazi ya kuagiza waiitayo istisnaa, wameshurutisha sifa za kitu zibainishwe.

Enyi kina mama, msione haya kusema, "Sijaelewa, nionyeshe mfano." Nanyi vijana, "Inshaallah" isiwe pazia la kufichia maswali. Fundi ndiye ajuaye tofauti, basi ni juu yake kuuliza kwanza.

Tuliafikiana hivi: kijana atajenga tovuti kwa picha zile zile alizokwisha kuzipanga, na shangazi atamwongeza kidogo kwa taabu yake. Safari hii yameandikwa, sifa, bei na siku. Kijana akaubusu mkono wa shangazi yake, wakaondoka pamoja.

Wabillahi tawfiiq.