Siri ya mgonjwa na simu ya mkononi

Kwa miaka mingi siri ya mgonjwa ilitegemea mambo mawili: mlango wa chumba cha daktari na ulimi wa mhudumu. Leo umefunguka mlango mwingine usio na komeo, nao ni simu yenye kamera.

Simu hiyo ina manufaa yasiyopingika. Mganga aliye Bariadi akikutana na kidonda kinachomtatiza, humtumia picha daktari bingwa wa Bugando, Mwanza, na ushauri huweza kupatikana bila mgonjwa kugharamia safari. Lakini picha hiyo ikiwekwa katika kundi la WhatsApp, hakuna ajuaye itaishia wapi.

Wapo wanaodhani kwamba kufuta jina kunatosha. Katika jiji kubwa pengine kunatosha. Mkoani Simiyu hakutoshi. Watu wanaokutana mnadani na kwenye vituo vya kuuzia pamba hufahamiana. Anayesema "mke wa mwenyekiti wa kijiji fulani wilayani Itilima" amekwisha kumtaja mwenyewe. Hata kovu au kitenge humtambulisha mtu.

Madhara yake si aibu pekee. Mgonjwa anayehofia kujulikana huweza kuikimbia kliniki ya jirani na kufuata dawa za kufubaza VVU wilaya nyingine. Siku akikosa nauli, hukosa dawa. Na dawa zikikatizwa, virusi huongezeka tena na huweza kujenga usugu.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inahifadhi maisha binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, adhabu haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kusambaa. Hapa pia kinga ni bora kuliko tiba.

Kinga yenyewe haihitaji fedha. Mhudumu aombe ridhaa kwanza, apige picha ya sehemu inayohusika tu, amtumie yule mmoja anayehitajika, aandike ushauri kwenye faili, kisha aifute. Ndugu anayemuuguza mtu wake naye asirekodi wodini, kwani kitanda cha pili kina mgonjwa asiyeulizwa. Na mgonjwa ana haki ya kuuliza picha yake inakwenda kwa nani. Swali hilo lisihesabiwe kuwa ukaidi. Lijibiwe kama linavyojibiwa swali la dozi.