Paka Si Mwizi, Mbona Atiwe Guniani?

Asubuhi moja katika Mji wa Kale, Mombasa, niliwakuta vijana watatu wakimkimbiza paka uani kwa jirani. Paka alikuwa na jipu shavuni, alilolipata kwa kupigana na shume wa mtaa, na bwana wa nyumba alitaka apelekwe kwa daktari wa wanyama. Wa kwanza akamkamata ukosi, wa pili miguu, wa tatu akafungua gunia. Kufumba na kufumbua, mkono wachuruzika damu na paka yuko juu ya mabati.

"Huyu ana shetani," akasema bwana. "Hatibiki. Aachwe."

Ndugu wasomaji, neno hilo "aachwe" lilinichukiza kuliko hata gunia. Sisi watu wa pwani hujigamba kwamba paka ni mwenzetu. Hanajisi chombo, na akilala mkekani msikitini hafukuzwi. Sote tumesikia tangu utotoni habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, wala asimwache akajitafutia. Basi ni mapenzi gani haya yanayokoma siku paka anapougua?

Paka yule hakuwa na shetani, alikuwa na hofu. Mnyama huyu huwinda, lakini naye huwindwa na walio wakubwa kuliko yeye; akibanwa asiweze kukimbia hudhani ajali yake imefika. Na huko kumning'iniza kwa ukosi, ati kwa kuwa mamake alimbeba hivyo, mabingwa wamekwisha kukukataa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na madaktari wa paka wa Marekani pamoja na wenzao wa jumuiya ya kimataifa wapinga jambo hilo.

Twaa kapu lenye kifuniko au tenga, uliache wazi sebuleni siku kadhaa. Tandika ndani leso uliyokwisha kuivaa, utie na kipande cha samaki, kisha mwache aingie na kutoka apendavyo. Siku ya safari lifunike. Daktari mwenye subira atamtazama humo humo, au chini ya taulo, akifunua kiungo kimoja kimoja. Wakali kupita kiasi wapo (nami nimefuga mmoja), na kwa hao daktari aweza kuagiza dawa ya kutuliza, kama gabapentini, apewe nyumbani kitambo kabla ya kutoka. Kipimo ni cha daktari, si cha kubahatisha.

Maana wako wanaoshindwa kumshika paka wakamsagia parasetamoli katika maziwa. Hiyo kwake ni sumu! Ini lake haliwezi kuivunja, damu hushindwa kuchukua hewa, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua. Na kijana aliyeumwa alijifuta kwa shati tu, hali kichaa cha mbwa hupitia hata kwa paka. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Atasema mtu kwamba watoto wana homa nami nazungumzia paka. Lakini je, kapu na leso ni gharama gani?

Usiku wa tatu paka alirudi. Nyanya wa nyumba ile alikuwa ameweka kapu karibu na jiko, asiseme na mtu. Kesho yake jipu likapasuliwa. Vijana walipomwuliza ni nani aliyemkamata, alicheka.

"Hakukamatwa, wajukuu zangu. Aliingia mwenyewe."